Barua za Mama Mkwe Zinahama

Nina duka dogo la steshenari pale Kanyenye. Natoa kopi, nachapa barua za maombi ya kazi, na nyuma ya kaunta natengeneza kompyuta. Katika kazi hiyo nimeshaombwa mambo mengi ya ajabu. Kuna bwana aliniomba nifute picha kabla mkewe hajarudi safari. Kuna ofisi iliniita nikamtoe panya, panya wa kweli mwenye mkia, aliyekuwa amezaa ndani ya mashine yao. Yote hayo niliyafanya huku napiga mluzi. Jasho lilikuja kunitoka siku nilipoombwa kuhamisha barua pepe za mama mkwe wangu kutoka kompyuta yake ya zamani kwenda kwenye mpya.

Asiyejua mambo ya ukwe atauliza, sasa jasho la nini? Wako wengi wasiojua. Naona vijana wa siku hizi wanapiga picha wamewakumbatia mama wakwe zao, wanaziweka kwenye simu watu wazione, na ardhi haipasuki. Mimi nilioa nyumba ya Kinyamwezi ya zamani. Mama mkwe wangu simpi mkono. Sili naye chumba kimoja. Simtazami usoni, na baada ya miaka yote hii, ukiniuliza macho yake yakoje nitakudanganya. Nikimwona kwa mbali anakuja njia moja na mimi, nakumbuka ghafla kwamba nilikuwa na shida upande wa pili wa barabara. Jina lake silitaji, hata nikijaza fomu ya shule ya watoto namwachia mke wangu hiyo nafasi.

Na yeye vivyo hivyo. Tangu nimwoe binti yake hajawahi kutamka jina langu. Kwake mimi ni "mkwe", au "baba watoto", na nikimuudhi ni "huyo". Tukiwa nyumba moja hasemi nami moja kwa moja, anasema na binti yake, nami nasikia kila neno kwa sababu nipo hatua chache tu. Nami najibu kwa binti yake. Mke wangu anasema angekuwa analipwa kwa kazi hiyo ya ukalimani, tungekuwa na ghorofa.

Sasa fikiria kompyuta ya mtu. Humo mna barua zake, watu wake, siri zake za ugonjwa, majungu yake. Kumwambia mkwe aingie humo ni sawa na kumwambia amtandikie mama mkwe kitanda.

Mama mkwe wangu alikuwa mkunga. Miaka ya mwisho kabla ya kustaafu, wakubwa wa kazi waliwaletea kompyuta wakawafundisha, na wakati wenzake wananung'unika kwamba macho yamechoka, yeye akaipenda. Alipostaafu, mwanawe wa Dar es Salaam akamnunulia moja ya mezani, iliyokwisha tumika. Aliiweka sebuleni kwake Mtendeni, juu ya meza ya pembeni ya kabati, na kama ilivyo desturi ya nyumba ile, akaifunika. Kwa mama kila kitu kina kitambaa chake cha kufuma: redio, makochi, jagi la maji, hata kitambaa kingine. Kompyuta ilipata vyake vitatu, cha kioo, cha kibodi na cha lile boksi lenyewe, na kila asubuhi baada ya uji alivivua kimoja kimoja, akaandika nywila yake kwa kidole kimoja, akafungua barua.

Barua hizo zilikuwa za mtu mmoja hasa. Mama ana shoga yake, mkunga mwenzake, mtoto wa familia za Kirundi za Ulyankulu. Walifanya kazi pamoja wodi moja tangu wakiwa wasichana, na nasikia walizalisha nusu ya Urambo, ingawa habari hiyo nimeipata kwao wenyewe. Huyo shoga watoto wake walimchukua kwenda Kanada. Masikio yake yalikufa, simu haisikii tena, kwa hiyo wakabaki na barua pepe. Kila wiki anaandika, kila wiki anajibiwa. Wanatukanana kidogo, wanasaliana rozari, wanakumbushana nani alimzaa nani. Na kwa vile wote ni watu wazima, walikubaliana jambo ambalo mke wangu aliponisimulia nilicheka hadi nikapaliwa: atakayenyamaza kupita kiasi bila kutoa taarifa, mwenzake atachukulia kwamba ameshafariki, na atamwombea misa ya wafu.

Ndipo kompyuta ikaanza kuugua. Ilikuwa ikiwaka inanguruma kama mashine ya kukoboa mpunga, inapata joto, halafu inazima yenyewe mama akiwa katikati ya sentensi. Mara ya kwanza alisubiri ipoe, akaanza upya. Baadaye ikawa inazima hata kabla barua haijafunguka. Wiki ya kwanza ikapita bila barua, na ya pili. Mwanawe akatuma kompyuta mpya, hizi za kukunja, ikafika na basi ikiwa imefungwa kwenye blanketi. Lakini kompyuta mpya ilikuwa tupu. Anwani ya shoga yake, barua zao zote, vyote vilikuwa ndani ya ile inayougua, na mama hakuwa ameiandika anwani hiyo mahali pengine wala kuikariri. Huko Kanada kulikuwa na bibi mmoja kiziwi anahesabu siku.

"Mama anakuhitaji," mke wangu akaniambia jioni tukiwa tunakula.

"Ananihitaji mimi?"

"Anahitaji fundi."

"Mafundi wako wengi. Yupo yule wa karibu na stendi, kijana mzuri, msomi."

"Amesema mtu wa nje hasogelei barua zake."

"Na mimi ni wa ndani?"

Mke wangu akafikiri. "Wewe si wa ndani wala wa nje. Wewe ni mkwe." Kisha akaongeza mboga kwenye sahani yangu, na nikajua mazungumzo yamekwisha.

Nilijaribu njia nyingine. Nikasema iletwe dukani, nitaifanyia kazi huko kwa nafasi. Jibu likarudi kwamba mama ameuliza, kwa hiyo mkwe atapita nayo Mtendeni nzima hadi Kanyenye, watu wakitazama, kabeba barua za mama mkwe wake kifuani? Nilipolisikia likisemwa hivyo, na mimi nikaona haifai.

Basi Jumamosi tukaenda. Mipaka ilikuwa imeshawekwa. Mimi sebuleni. Mama chumba cha ndani, nyuma ya pazia. Mke wangu mlangoni, mguu mmoja huku, mguu mmoja kule. Nilichuchumaa karibu na mlango wa mbele nikatazama sakafu.

"Mwambie mama shikamoo."

"Mwambie marahaba," pazia likajibu. "Mwambie mkwe karibu. Mwambie vitambaa avitoe taratibu, kile cha juu uzi umeanza kuachia."

"Mama anasema karibu," mke wangu akasema. "Na ukiharibu kitambaa chake usirudi tena."

"Sikusema hivyo!" pazia likasema.

Nikavivua vile vitambaa, nikavikunja, nikavipanga juu ya kochi kwa heshima zote. Nikaiwasha mashine, naye mama akatoka kwa mlango mwingine kupitia uani, mimi nikageukia ukutani, akaandika nywila yake ya asubuhi, akarudi nyuma ya pazia. Nilipogeuka kompyuta ilikuwa wazi mbele yangu, barua zote zimejipanga kwenye kioo, mstari kwa mstari. Hapo nikavua miwani.

"Sasa utaonaje?" mke wangu akauliza.

"Ndiyo maana nimeivua."

Bila miwani naona maumbo. Naona kwamba hapa kuna maandishi, ila siwezi kusema yanasema nini. Kazi yenyewe naijua kwa mazoea, najua kitufe gani kiko wapi na kisanduku gani kitafuata. Nilichomeka flashi, nikaiamuru mashine ikusanye anwani na barua zote, izifunge furushi moja, ilitie humo. Majina ya watu yalipita mbele yangu yakiwa ukungu, mengine marefu, mengine mafupi, na sikumjua hata mmoja.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Kisha mngurumo ukaanza kupanda, na nilipogusa ubavu wa lile boksi nikautoa mkono haraka.

"Inapata joto," nikasema. "Ikizima kabla furushi halijafungwa, tunaanza upya, na sina hakika kama itawaka tena."

Pazia likatikisika. Mama mkunga akaamka ndani ya mama mkwe. "Mwambie mkwe aikande na kitambaa cha maji baridi!"

"Mwambie mama maji na umeme havipatani."

"Basi afungue nguo! Mtu mwenye homa haachwi amefunikwa!"

Hilo lilikuwa wazo. Nikafungua ubavu wa boksi, vumbi la miaka likatoka, na mke wangu akaleta ungo akaanza kupepea. Alipepea kwa nguvu, vitambaa vikaruka kochini, kalenda ya parokia ikaanguka ukutani. Nyuma ya pazia nilisikia sauti ndogo ikisema, "Sukuma, mwanangu, usiache, sukuma." Sikujua kama alikuwa anasema na binti yake au na kompyuta. Nilitaka kucheka lakini nilikuwa na hofu ya kweli, maana ule mstari wa kijani unaoonyesha kazi imefika wapi ulikuwa umesimama karibu na mwisho na hautaki kusogea.

Ukasogea. Furushi likaingia. Nilichomoa flashi, nikaitia mfuko wa shati, nikafunga kifungo. Haikupita muda ile mashine ikatoa mlio mrefu ikanyamaza, na nilipojaribu kuiwasha haikuitika tena.

Nilikaa kidogo mkono ukiwa juu ya mfuko. Njia ya zamani ya misafara ilipita mji huu, na babu yangu wa Puge hakuchoka kutusimulia kwamba babu yake aliitembea hadi Bagamoyo na mzigo begani. Wengine kwenye ukoo walijisifia ng'ombe. Babu alijisifia kwamba mzee yule alikwenda na kurudi, akatua mizigo ya watu ilivyofungwa, na mpaka anakufa hakujua kulikuwa na nini ndani. Utotoni niliona ni sifa ya kijinga. Ningekuwa mimi ningechungulia. Siku ile, na barua za mama mkwe zikiwa kwenye mfuko wa shati na miwani yangu ikiwa juu ya kabati, nilimwelewa vizuri.

Nikaifungua kompyuta mpya mezani, kando ya ile iliyokata roho. Nikaiwekea programu ya barua, nikachomeka flashi. Ikafika mahali inapouliza nywila. Nikasema, kwa mke wangu, "Mwambie mama anitajie paswedi yake, niiandike tumalize."

"Mama?" mke wangu akaita.

"Nimesikia," pazia likasema. "Mwambie haitajiki."

"Haitajiki vipi?"

"Haitajiki. Yaani siwezi kumtajia."

Nikaeleza kwa upole kwamba fundi ni sawa na daktari, hatoi siri. Akajibu kwamba yeye mwenyewe alikuwa mkunga na siri anazijua. Nikasema aiandike kwenye karatasi, basi. Akasema karatasi ndiyo mbaya zaidi. Nikasema amnong'oneze binti yake. Hapo akacheka kidogo kwa aibu, akasema, "Na huyo ndiye hafai kabisa."

Nilikasirika, sitaficha. Nimevua miwani, nimekula vumbi, nimekaa na uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa shuleni, na bado siaminiki kwa neno moja? Ilinikumbusha siku za posa. Wakati ule mama alikuwa na mtu wake aliyempenda, bwana afya mmoja mwenye pikipiki, na neno lake juu yangu lilifika kwetu kabla hata ya majibu ya posa: kwamba kijana mwenyewe hana baya, ila kazi yake ni kukaa kwenye kiti na kutazama vioo. Wazee wakaelewana, harusi ikawa, watoto wakaja, na tangu hapo amekuwa akinipikia kuku kila nikienda. Lakini kuku huyo anapita kwa mkalimani. Sijawahi kujua kama yule bwana afya ameshamtoka moyoni. Na siku ile, nilipoambiwa haitajiki, nikaona nimepata jibu. Iliniuma kuliko nilivyotarajia.

"Sawa," nikasema kwa sauti kavu. "Aandike mwenyewe. Mimi natoka nje."

Kabla sijatoka nikafanya wema mmoja, maana hasira zangu huwa hazifiki kwenye kazi. Nikaongeza ukubwa wa maandishi kwa ajili ya macho yake. Na kwa kuwa kibodi ilikuwa ngeni kwake, nikabonyeza ile alama ya jicho, ambayo badala ya kuonyesha vidoti huonyesha herufi zenyewe, ili aone anachoandika. Nikamweleza mke wangu kwamba mama akimaliza abonyeze sawa, na akihitaji niingie, kwanza afunike. Nikaenda kusimama uani na kuku.

Nikasikia kidole. Kinagonga, kinapumzika, kinagonga.

"Imekataa!" mke wangu akapiga kelele.

"Herufi zinaonekana?"

"Anasema zinaonekana!"

"Ni zenyewe?"

"Anasema ni zenyewe, anaijua kuliko sala ya Baba Yetu!"

"Ajaribu tena, pole pole."

Kidole kikaanza tena. Imekataa. Akajaribu tena, imekataa, na safari hii mama mwenyewe akasoma kwa sauti maneno mekundu yaliyotokea: ukikosea mara moja zaidi, akaunti itafungwa.

"Asiguse kitu!" nikasema, na kuku wakatawanyika.

Hasira ikaniisha pale pale. Akaunti ikifungwa, furushi halifunguki. Ile ya zamani imekufa. Mama alikuja karibu na dirisha la uani, upande wa ndani, na kwa mara ya kwanza nikasikia sauti yake inatetemeka. "Mwambie mkwe yule mwenzangu ana moyo mbovu. Akiambiwa nimekufa ataamini. Na mimi sitaki kuombewa misa ya wafu huku nakula ugali."

"Mwambie mama naingia kuangalia," nikasema. "Afunike, aende ndani."

Nikasikia nyayo, nikasikia kitambaa, nikasikia pazia. Nikahesabu kidogo kwa heshima, nikaingia nikitazama sakafu, nikafika mezani, nikainua macho.

Alikuwa amefunika, kweli. Amefunika kwa uangalifu mkubwa, kitambaa cha kioo, cha kibodi na cha boksi, kila kimoja mahali pake. Amefunika ile ya zamani. Mkono wake ulifuata ulichozoea. Kompyuta mpya ilikuwa wazi kabisa, na kwenye kile kisanduku cha nywila, kwa herufi kubwa ambazo hata bila miwani zilisomeka kutoka mlangoni, lilikuwa jina langu.

Jina langu mimi. Lile nililopewa na babu wa Puge, ambalo mjini hapa simjui mtu mwingine aliye nalo.

Nilidhani kwanza kompyuta imeniandika yenyewe, labda kwa vile mimi ndiye niliyeitayarisha. Mke wangu akachungulia juu ya bega langu. Akaziba mdomo kwa upande wa kanga, akaanza kutikisika, akashuka taratibu hadi sakafuni, akakaa pale akilia kwa kicheko bila sauti. Nyuma ya pazia mtu alikuwa amekumbuka, kwa kuchelewa, kitambaa kipi amekiweka wapi.

Kisha kikohozi kidogo.

Miaka yote hiyo kila asubuhi, baada ya uji, kabla ya kusema na shoga yake, mama huyu ambaye hajawahi kuniita alikuwa ananiandika. Nilifurahi, nasema wazi, nilifurahi kama siku ile jibu la posa lilipokuja.

Lakini kazi ilikuwa haijaisha. Nikavaa miwani. Jina lilikuwa limeandikwa lote kwa herufi kubwa, kama mtu anayeniita kwa ukali kutoka ng'ambo ya bonde, na pembeni ya kibodi kile kitufe cha herufi kubwa kilikuwa kinawaka taa ndogo. Kidole chake kilikibonyeza bila kujua. Nikakizima.

"Mwambie mama," nikasema, "maandishi yote ni sahihi. Herufi tu ndizo zilikuwa kubwa mno. Aandike kama alivyozoea, itakubali."

Ningeweza kuliandika mwenyewe, ni jina langu. Wala sikulifikiria. Nikarudi uani.

Kidole kikagonga. Safari hii nilijua kinaandika nini, na nilikifuata herufi kwa herufi, hadi ya mwisho. Ikakubali. Nikasikia ule mlio wa barua zinazoingia, moja, nyingine, nyingine, na mama akapiga kigelegele ambacho hakikuwa cha umri wake. Akasoma kwa sauti, akiwa amesahau kabisa kwamba mkwe yuko dirishani. Shoga yake aliandika kwamba ameshaongea na padri, misa ni Jumapili, na kama marehemu ana pingamizi atoe taarifa mapema kwa sababu padri hapendi kubadilishiwa ratiba.

Marehemu alijibu hapo hapo. Ilimchukua muda mrefu, kidole kimoja, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

Chai nililetewa sebuleni, na chapati, na kuku. Mama na binti yake walikunywa ya kwao jikoni. Nilipomaliza nikaona nimebakiwa na jambo moja la kifundi ambalo siwezi kuliacha, maana kila mteja namwambia. Nikaita jikoni, "Mwambie mama paswedi ikishaonwa na mtu, inatakiwa ibadilishwe."

Nikasikia wananong'ona. Mke wangu akatokea mlangoni, macho bado mekundu kwa kicheko.

"Mama anasema aliyeiona ni mwenye mali. Hakuna aliyeibiwa. Habadilishi."

Njiani kurudi Kanyenye nilimwuliza mke wangu kama alikuwa anajua. Akasema hakujua, ila jikoni ameambiwa. Siku ile walipofundishwa kompyuta, mwalimu aliwaambia kila mmoja achague neno ambalo hatalitamka kwa mtu yeyote, hata kwa bahati mbaya, hata usingizini. Wenzake wakahangaika. Mama hakuhangaika. Alijua lipo jina ambalo mdomo wake hautalitoa.

"Basi ni kwa ajili ya usalama tu," nikasema. Nilitaka lionekane ni jambo dogo.

"Majina asiyoyataja ni mengi," mke wangu akasema. "Kuna baba mkwe wake, kuna mama mkwe wake, kuna mawifi zake wakubwa. Kachagua lako." Akanitazama kidogo. "Na yule bwana afya jina lake alikuwa analitaja vizuri tu."

Mimi na mama hatujabadilika. Juzi nilimwona anakuja kwa mbali, nikavuka barabara, naye akageuza mwavuli upande wangu asinione. Salamu bado zinapita kwa mkalimani. Lakini asubuhi nikiwa nafungua duka, saa ambayo najua kule Mtendeni uji umekwisha na vitambaa vinavuliwa, huwa nasimama kidogo na kufuli mkononi. Jana nilijisahau nikaitika kwa sauti.

"Naam, mama."

Mke wangu alikuwa nyuma yangu na chupa ya chai. Akauliza nani ameniita. Nikamwambia hakuna, nikaendelea kufungua mlango.